Protini ya maharage siyo inayomsumbua baba yako

"Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 66, ni fundi seremala hapa Tanga. Mwaka juzi mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka akiwa ameuweka tu mapajani. Akishika randa unatulia. Sasa anatembea kwa hatua fupi, mkono mmoja hauchezi akitembea, na uso umekuwa kama wa mtu aliyenuna. Hospitali walisema ni ugonjwa wa Parkinson, na daktari akatueleza haraka haraka kwamba kuna protini zimejikunja vibaya kwenye ubongo wake. Tuliporudi nyumbani shangazi akasema basi tumwachishe protini: maharage, samaki, nyama, mayai, maziwa. Huu ni mwezi wa tatu, amekonda sana. Wengine wanasema protini hizo zinaambukiza, wajukuu wasilale naye wala wasile naye sinia moja. Jirani ametuletea unga wa upupu, anasema unaponya kabisa, na tunampa pamoja na vidonge vya hospitali. Kinachonitesa zaidi ni kwamba miaka mingi kabla ya hapo alikuwa hasikii harufu ya vanishi, anakosa choo, na usiku anapiga kelele na kurusha mateke ndotoni hadi mama akahamia chumba kingine. Tulidhani ni uzee. Je, tulichelewa? Na mimi nitaupata?"

Marahaba, mwanangu. Kabla sijaeleza lolote, mrudishieni baba chakula chake. Samaki, maharage, mayai, vyote. Mgonjwa wa Parkinson anayekonda hupoteza misuli, na misuli ndiyo inayomzuia asianguke. Miezi mitatu bila protini haijapunguza hata chembe moja ya kile kilichomo ubongoni mwake. Imempunguzia nguvu tu. Simlaumu shangazi. Alisikia neno moja linalotumika kwa vitu viwili, akafanya alichodhani ni huruma. Kosa ni la sisi madaktari tunaotamka neno zito mlangoni mgonjwa akiwa anatoka.

Wewe ni mtoto wa seremala, kwa hiyo nikueleze kwa mbao. Samaki anayeliwa mchana hafiki ubongoni akiwa samaki. Tumbo na utumbo humbomoa hadi zibaki mbao tupu, vipande vidogo viitwavyo asidi amino, ambavyo ni vilevile iwe vimetoka kwenye kunde, dagaa au nyama ya ng'ombe. Kisha kila seli ya mwili huchukua mbao hizo na kuunda samani zake yenyewe kwa kufuata michoro iliyomo kwenye jeni zake. Samani hizo ndizo protini za mwili. Ile inayomsumbua baba inaitwa alfa-sinukleini. Imeundwa ndani ya seli zake, kwa mchoro aliozaliwa nao. Ninayo mimi, unayo wewe, anayo na shangazi. Mtu akifunga kula wiki nzima seli zake zitaendelea kuiunda, maana ina kazi.

Kazi yake iko kwenye ncha za nyuzi za seli za neva, pale seli moja inapokutana na nyingine. Hapo kuna vifuko vidogo sana vilivyojaa kemikali za mawasiliano, mojawapo ikiwa dopamini, na alfa-sinukleini husaidia vifuko hivyo vijipange na kumwaga mzigo wake kwa wakati. Ni mnyororo mfupi, asidi amino 140 tu. Protini nyingi mwilini hujikunja mara moja zikapata umbo lao la kudumu, na seli ina protini nyingine ambazo kazi yake ni kuzielekeza zijikunje sawasawa, kama kungwi anavyomwelekeza mwari. Alfa-sinukleini haina umbo moja la kudumu. Ikiwa peke yake inaelea kama uzi uliolegea. Ikikaa juu ya utando wa kifuko inajizungusha kama skrubu. Ikitoka inalegea tena. Ulegevu huo ndio unaoiwezesha kufanya kazi yake, na ndio unaoiponza.

Mara chache sana, uzi mmoja hujikunja kwa namna isiyotakiwa: unalala bapa, na ubapa huo una kingo zinazonata. Uzi mwingine ukipita karibu unanasa, unalazimika kulala bapa vilevile, na sasa ni viwili vinavyongoja wa tatu. Umewahi kuona asali iliyokaa? Inaweza kubaki maji maji muda mrefu, lakini ukitumbukiza ndani yake kijiko chenye punje za asali iliyokwisha kuganda, chupa nzima huganda upesi. Hakuna kilichoongezwa zaidi ya umbo: punje zilizoganda zimezionyesha nyingine namna ya kujipanga. Alfa-sinukleini iliyokunjika vibaya hufanya hivyo hivyo kwa nzima zinazoizunguka. Kwanza hujikusanya kwa makundi madogo, halafu nyuzi ndefu ngumu, mwishowe vibonge vinavyoonekana kwa hadubini. Daktari Mjerumani Friedrich Lewy aliviona vibonge hivyo mwaka 1912, karibu miaka mia moja baada ya Mwingereza James Parkinson kuandika juu ya ugonjwa wenyewe mwaka 1817. Vikaitwa vibonge vya Lewy, lakini vimeundwa na nini hasa, hilo halikujulikana hadi mwaka 1997. Mwaka huo kosa katika jeni ya alfa-sinukleini liligunduliwa kwenye ukoo mmoja wa Italia na familia kadhaa za Ugiriki ambamo Parkinson ilirithiwa, na muda mfupi baadaye protini hiyohiyo ikakutwa imejaa ndani ya vibonge.

Sasa, inaiuaje seli? Hapa watu wengi, hata wahudumu wa afya, hufikiria kibonge kikubwa kinaikaba seli kama mfupa kooni. Ushahidi mwingi unaelekeza kwingine. Wabaya zaidi wanaonekana kuwa wale wadogo wa katikati, makundi ya protini chache chache yasiyoonekana kwa hadubini ya kawaida. Yanapenda mafuta, na utando wa seli ni mafuta, basi yanauganda na kuuvujisha. Kalsiamu inaingia mahali isipotakiwa. Yanashika mitokondria, yale majiko yanayoipa seli nishati, na moto unafifia huku moshi ukiongezeka. Yanaziba njia: seli ya neva ina uzi mrefu, na ndani ya uzi huo kuna kitu kama reli inayosafirisha mizigo kutoka kwenye kiini hadi ncha, reli ikikwama, ncha inakufa njaa kwanza. Ndiyo maana mawasiliano huharibika kabla seli yenyewe haijafa.

Pia yanachosha jalala la seli. Kila seli ina vifuko vyenye vimeng'enya vinavyosaga takataka, huitwa laisosomu. Protini iliyokunjika vibaya hupelekwa huko isagwe. Ujanani usagaji unashinda uzalishaji. Umri unavyosonga jalala linazidiwa, taka zinabaki, na taka hizo ndizo zinazoganda zaidi na kulizidi jalala tena. Ni mzunguko unaojilisha wenyewe, na ndio unaoeleza kwa nini ugonjwa huu ni wa utu uzima ingawa protini tumezaliwa nayo. Wingi nao una neno. Mwaka 2003 ilielezwa familia moja Marekani ambayo wagonjwa wake walikuwa na nakala za ziada za jeni hii nzima, isiyo na kosa lolote, na ziada hiyo pekee ilitosha kuleta Parkinson mapema. Hatimaye kuna seli walinzi wa ubongo. Zikiona uchafu zinakuja kusafisha, lakini usafi usipoisha zinabaki na hasira ya kudumu, na uvimbe wao unaumiza hata seli zilizo nzima.

Kwa nini basi mkono utetemeke, na si macho yapofuke? Kwa sababu baadhi ya seli ni dhaifu kuliko nyingine mbele ya shambulio hili. Katikati ya ubongo kuna kieneo cheusi, cheusi kweli kwa macho ukikipasua, chenye seli zinazotengeneza dopamini kwa ajili ya mwendo. Seli moja ya hapo ina uzi wenye matawi mengi ajabu, na inakisiwa kuhudumia zaidi ya vituo milioni moja vya mawasiliano. Inafanya kazi mchana na usiku bila kupumzika. Dopamini yenyewe ikivuja nje ya kifuko chake ni sumu. Seli inayoishi kwa gharama kubwa hivyo hufilisika upesi. Mtetemo na uzito wa mwili vinapojitokeza, kwa kawaida nusu hivi au zaidi ya seli za kieneo hicho zimeshapotea.

Hili linatufikisha kwenye vanishi, choo na ndoto. Umeandika kwa uchungu, na nimekusoma mara mbili. Mwaka 2003 Heiko Braak na wenzake nchini Ujerumani, baada ya kuchunguza bongo za marehemu wengi, walipendekeza kwamba vibonge vya Lewy havianzii kwenye kieneo cheusi. Huanzia pembezoni: kwenye sehemu ya ubongo inayopokea harufu, na chini kabisa ya ubongo kwenye mzizi wa mshipa wa fahamu unaoshuka hadi tumboni. Kisha hupanda. Njiani hupita kwenye kidude kinacholegeza misuli tunapoota, ili mtu anayeota anakimbia abaki amelala. Kikiharibika, mtu huicheza ndoto yake, hupiga mateke, hugombana na adui asiyekuwepo. Harufu, choo, usingizi, halafu mkono: baba yako ameifuata njia hiyo hatua kwa hatua. Haiendi hivi kwa kila mgonjwa, wengine huanza na mtetemo moja kwa moja, lakini kwake inasomeka wazi.

Je, mlichelewa? Hapana, mwanangu. Hata kama siku ile aliposhindwa kunusa vanishi mngempeleka kwa bingwa wa kwanza duniani, hakuna dawa ambayo angempa ya kuizuia protini isiendelee kuganda. Haikuwepo, na hadi leo haipo. Kuna watu wengi wasionusa na hawatapata Parkinson kamwe, na kukosa choo ni kwa wazee wengi wa mtaa wenu. Hakuna aliyeshindwa kazi yake hapo nyumbani. Mama alipohamia chumba kingine alijiokoa na mateke, basi.

Kuhusu kuambukiza, nikueleze palipotoka wazo hilo, kwa sababu halikutoka hewani. Kuna magonjwa machache ambayo protini iliyokunjika vibaya huhama kweli kutoka mtu hadi mtu. Protini hizo huitwa prioni, jina lililotolewa na Stanley Prusiner mwaka 1982. Mfano uliojulikana sana ni kuru, ugonjwa wa watu wa Fore huko Papua New Guinea, uliosambaa kwa desturi ya kula miili ya marehemu wakati wa mazishi. Desturi ilipokoma, ugonjwa ukafifia hadi kuisha. Halafu mwaka 2008 likatokea jambo lililotushtua sisi wa fani hii. Wagonjwa kadhaa wa Parkinson walikuwa wamepandikizwa ubongoni seli changa za neva zaidi ya miaka kumi nyuma. Walipofariki kwa sababu nyingine na bongo zao kuchunguzwa, vibonge vya Lewy vilikutwa ndani ya zile seli changa, ambazo kwa umri wake hazikupaswa kuwa navyo. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba protini mbovu ilitoka kwenye seli za mgonjwa ikaingia kwenye za jirani na kuzifundisha umbo lake.

Lakini soma vizuri: kutoka seli hadi seli ndani ya ubongo mmoja. Tangu Parkinson aandike mwaka 1817, wake na waume wamelala kitanda kimoja na wagonjwa, wauguzi wamewaogesha, wajukuu wamelishwa kwa mikono yao, na hakuna mgonjwa hata mmoja anayejulikana kuupata kwa njia hiyo. Haupiti kwenye mate, sahani, jasho, choo wala pumzi. Wajukuu warudi kwenye sinia la babu. Kumtenga mtu ambaye uso wake umeshindwa kutabasamu ni kumuumiza mara mbili, kwa kuwa ndani anahisi yote. Ni misuli ya uso tu isiyotii. Naomba mwambie hivyo kila anayesema amenuna.

Sasa dawa. Vidonge vya levodopa na kabidopa, ambavyo naamini ndivyo alivyopewa, haviigusi alfa-sinukleini hata kidogo. Ni vizuri mlijue hili ili msije mkavikatia tamaa. Levodopa ni malighafi. Inaingia ubongoni, na seli zilizobaki huigeuza kuwa dopamini, hivyo mwendo unarudi ingawa ugonjwa unaendelea chini kwa chini. Kabidopa ni msindikizaji anayezuia isigeuzwe njiani kabla ya kufika, maana ikigeuzwa tumboni na kwenye damu inaleta kichefuchefu na kuangusha presha. Tangu miaka ya 1960 hatujapata kilicho bora kuliko levodopa kwa mwendo.

Na hapa ndipo shangazi alikaribia ukweli bila kujua. Levodopa ni asidi amino kwa umbile. Ili itoke utumboni na ivuke kuingia ubongoni inapanda gari lilelile linalobeba asidi amino nyingine za chakula. Akimeza kidonge katikati ya sahani ya maharage na nyama, dawa inagombea kiti, na siku hiyo ataona kama haijafanya kazi. Tiba yake ni saa: kidonge nusu saa kabla ya chakula, au saa moja baada yake, kwa maji tu. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma navyo viwekwe mbali nacho. Wapo wagonjwa, hasa waliokwisha tumia dawa miaka mingi na ambao nguvu yake inakatika katikati ya mchana, tunaowashauri wahamishie sehemu kubwa ya protini mlo wa jioni. Kuhamisha, siyo kufuta. Baba hajafika huko. Ikiwa tumbo linamsumbua akimeza bila chakula, ale kipande kidogo cha mkate au kiazi. Na Ramadhani ikikaribia, zungumzeni na daktari wiki kadhaa kabla, kwa sababu dozi hizi haziruki ovyo.

Upupu sasa, na hapa nitasema pande zote mbili. Jirani yenu hakuzusha. Mbegu za upupu zina levodopa ya asili, halisi, asilimia kadhaa ya uzito wake. Tiba za jadi za India zimeitumia mbegu hiyo kwa karne nyingi, na watafiti wameipima kwa wagonjwa katika nchi ambazo vidonge ni ghali au havipatikani, Bolivia ikiwemo. Dozi moja moja ilifanya kazi vizuri, wakati mwingine haraka kuliko kidonge. Ila watafiti haohao walipowapa wagonjwa 14 kwa matumizi ya kila siku kwa wiki kadhaa, 7 kati yao walishindwa kuendelea, ama tumbo liliwasumbua ama mwendo ulizidi kuharibika. Upupu hauponyi, kwa kuwa na wenyewe ni malighafi tu. Hauna kabidopa ndani yake. Na hakuna anayeweza kuniambia kijiko cha jirani kina kiasi gani; mbegu za shamba moja na jingine hutofautiana.

Hatari yenu iko kwenye kuchanganya. Baba anapata levodopa mara mbili, moja imepimwa na nyingine haijapimwa, na daktari wake hajui. Ikizidi, mtazamie kutapika, kizunguzungu akisimama, mwili kujinyonganyonga bila hiari, au kuona watu wasiokuwepo. Msiongeze unga huo hata kidogo, wala msisimamishe vidonge kwa uamuzi wenu, kwa sababu kukata levodopa ghafla kunaweza kuleta homa kali na mwili kukakamaa hadi kuhatarisha maisha. Chukueni huo mfuko, muupeleke kliniki wiki hii, mseme wazi anakula vijiko vingapi na saa ngapi. Nadhani daktari atawaambia muuache unga na atarekebisha vidonge. Kama kilichowapeleka kwenye upupu ni bei ya dawa, liseme hilo nalo bila haya. Ni tatizo la kweli nchini kwetu. Watafiti waliopita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, waliwakuta wagonjwa 33 wa Parkinson, na wengi wao walikuwa hawajawahi kuambiwa ugonjwa wao wala kumeza kidonge kimoja. Daktari akijua mnavyohangaika anaweza kupanga dozi mnayoimudu, na dozi ndogo inayopatikana kila siku ni bora kuliko kubwa ya wiki mbili.

Utasikia pia habari za sindano mpya zinazosafisha protini ubongoni. Ni za kweli kwa ugonjwa mwingine. Lecanemab, iliyoidhinishwa rasmi Marekani mwaka 2023, huondoa amiloidi, protini nyingine inayoganda ubongoni, kwa wagonjwa wa Alzheimer, ugonjwa wa kusahau, walio mwanzoni, na inapunguza kasi ya kusahau kwa kiasi cha wastani, kwa gharama kubwa na hatari ya ubongo kuvimba au kuvuja damu. Kwa Parkinson, dawa mbili za aina hiyo zilizolenga alfa-sinukleini zilitolewa matokeo mwaka 2022, na hazikufikia lengo lililowekwa. Sisemi njia imefungwa. Sasa kuna kipimo cha maji ya uti wa mgongo kinachotumia ule ule ujanja wa asali: wanatia maji ya mgonjwa kwenye alfa-sinukleini safi na kungoja waone kama itaganda. Kipimo hicho bado ni cha utafiti zaidi kuliko cha kliniki, lakini kitasaidia kuwajaribia dawa watu walio kwenye hatua ya vanishi. Kwa baba yako leo, msiuze shamba kwa ajili ya sindano yoyote. Fedha hiyo iende kwenye vidonge na mazoezi. Mazoezi si maneno ya kujifariji: kutembea kwa hatua ndefu za makusudi, kuhesabu kwa sauti, kusimama na kukaa kwenye kiti mara kumi asubuhi na jioni. Na arudi karakanani. Kupiga randa na msasa ni mazoezi kamili ya mikono, mgongo na akili. Msumeno wa umeme tu ndio aachiwe kijana.

Wewe kuupata? Wagonjwa wengi, takribani tisa kati ya kumi, hawana jeni moja inayoweza kusemwa ndiyo chanzo. Kuwa na mzazi aliyeanza akiwa na miaka sitini na kitu kunaongeza uwezekano wako kidogo tu juu ya mtu mwingine, na ukichukua watoto wa wagonjwa wote, walio wengi hawaupati maisha yao yote. Kuna jeni zinazopandisha hatari, mojawapo ni GBA1, inayohusu lile jalala la seli nililolitaja. Mwaka 2023 watafiti wakishirikiana na wenzao wa Nigeria waligundua badiliko la jeni hiyo lililo la kawaida kwa watu wa asili ya Afrika na lisiloonekana sana kwa Wazungu, jambo linaloonyesha tulivyohitaji kuchunguzwa sisi wenyewe badala ya kusomewa majibu ya wengine. Hata hivyo sikushauri ukapime jeni. Hakuna ambacho jibu lingebadilisha katika unavyoishi. Ingekuwa baba alianza kabla ya miaka 40, au ndugu zake kadhaa wanao, ningesema tofauti.

Kuna jambo moja ambalo hukuliandika na ningependa lichunguzwe. Muulizeni daktari kama dawa nyingine anazotumia baba zinaweza kuleta dalili hizi au kuzizidisha. Metoklopramidi ya kuzuia kutapika, haloperidoli na klopromazini za magonjwa ya akili, sinarizini ya kutuliza kizunguzungu: zote huzuia au kuvuruga dopamini. Nimeona mzee aliyekuwa akipewa metoklopramidi kwa kichefuchefu kilicholetwa na levodopa, dawa moja ikijenga na nyingine ikibomoa. Akitapika, msinunue chochote dukani kabla ya kumwambia mfamasia kwamba ana Parkinson.

Mpelekeni mapema bila kungoja tarehe ya kliniki kama anapaliwa kila akinywa maji, anaanguka, anazimia akisimama, anaona watu wasiokuwepo, au ameacha kuzungumza na kula kwa huzuni. Huzuni nayo ni sehemu ya ugonjwa na ina tiba. Udhaifu wa ghafla wa upande mmoja au ulimi kuwa mzito ghafla ni dalili za kiharusi, hapo ni gari na hospitali saa hiyo hiyo. Homa pamoja na mwili kukakamaa, vivyo hivyo. Na kwa kuwa amekonda, apimwe pia sukari, tezi ya shingo na kifua, tusije tukamtwika Parkinson lawama za ugonjwa mwingine. Ikiwa hapo Tanga hamjaonana na daktari wa mishipa ya fahamu, ombeni rufaa ya hospitali ya KCMC Moshi au ya Muhimbili angalau mara moja, athibitishe na kupanga dozi. Baada ya hapo anaweza kufuatiliwa karibu na nyumbani.

Tafuta daftari. Andika saa ya kila kidonge, saa ya kila mlo, na saa ambazo mwili wake unakuwa mwepesi au mzito. Kurasa za wiki mbili zitamsaidia daktari kuliko picha ya ubongo. Unaweza kuanza leo jioni: kidonge na maji baada ya swala ya magharibi, na baada ya isha, samaki.